Bibi husimulia akipepeta mchele, nikiwasha simu ananyamaza

SWALI

Kwa Mshauri wa safu hii,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mhasibu, ninaishi Dar es Salaam. Bibi yangu mzaa mama anaishi karibu na Ikwiriri, wilayani Rufiji, nyumbani kwa mjomba wangu mkubwa. Kadi yake ya kupigia kura inasema kuwa alizaliwa mwaka 1948, lakini yeye akiulizwa hucheka, maana mwaka huo aliukadiria karani kwa kumtazama usoni. Anachokijua yeye ni kwamba mafuriko makubwa ya 1968 yalimkuta akiwa ametoka kuvunja ungo.

Anapoishi sasa siko alikokulia. Alizaliwa bondeni, kando ya Mto Rufiji, mahali ambapo leo hapana nyumba hata moja isipokuwa miembe. Baada ya mafuriko hayo Serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye vijiji vya juu, katika ile iliyoitwa Operesheni Rufiji ya 1969, na bibi hakurudi tena kuishi kule. Kitu pekee ninachokijua kilichotoka katika nyumba hiyo ni ubao wa mlango ambao baba yake aliung'oa na kuubeba. Sasa umelazwa juu ya matofali jikoni kwa mjomba, na juu yake hupangwa masufuria.

Mwaka jana niliamua kumrekodi. Nilikwenda na orodha ya maswali ishirini niliyoyaandaa ofisini, nikamkalisha sebuleni, nikaweka simu mezani na kumwomba aeleze maisha yake ya utotoni. Alijibu hivi: "Tulilima, tulikula, tulimshukuru Mungu." Rekodi nzima ina dakika kumi na moja, na nilipoisikiliza nikaona kwamba nyingi kati ya hizo ni sauti yangu mimi. Jioni ya siku hiyo hiyo, akiwa uani anapepeta mchele, alianza mwenyewe kusimulia jinsi yeye na mdogo wake walivyokuwa wakishinda juu ya dungu, kile kilingo cha nguzo, kuamia ndege shambani, na jinsi walivyomsikia kiboko akitafuna mpunga chini yao usiku. Simu ilikuwa chumbani, kwenye chaji.

Nimejaribu mara tatu zaidi, na sasa nina matatizo mengine. La kwanza ni mjomba, ambaye amesema waziwazi kwamba ninachokonoa. Mara ya mwisho bibi alifika kwenye siku ya kuhama akalia, na kwa kuwa ana presha mjomba alikasirika. Nadhani pia anahofia kwamba nikirekodi habari za mashamba ya bondeni, ambayo mengine yanalimwa na watu wengine siku hizi, itaonekana kuwa ukoo unatafuta kesi.

La pili ni kwamba bibi na mdogo wake, ambaye sisi tunamwita Babu Mdogo, hawakubaliani. Bibi anasema walichukuliwa kwa lori la Serikali wakati wa jua kali. Babu Mdogo anasema walivuka kwa mtumbwi, na kwamba anaukumbuka upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi, uliomponyoka baba yao mtoni. Sijui niandike la nani.

La mwisho linaweza kuonekana dogo. Ninayaandika masimulizi hayo ili wanangu wayasome, na ninayasafisha kidogo yawe Kiswahili kizuri. Kwa mfano, bibi alisema, "Tuliswagwa." Mimi niliandika, "Tulihamishwa." Dada yangu alipoisoma alisema haisikiki kama bibi. Je, ninakosea?

Mjukuu wa Bondeni,
Dar es Salaam

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo uliloliita dogo, kwa sababu ndilo lililonifanya niichague barua yako. Lirudishe neno la bibi yako leo hii, kabla hujalala. Anayeswagwa ni ng'ombe, na mwenye kumswaga hutembea nyuma yake akiwa na fimbo. Bibi yako, ambaye ameishi na Kiswahili miaka yote hiyo, alikuwa na uwezo wa kusema kwamba walihama, au walihamishwa, au walipelekwa. Kati ya yote hayo alilichagua neno la machungani, na kwa kulichagua alikueleza nani alikuwa mbele, nani alikuwa nyuma na yeye alijionaje siku ile. "Tulihamishwa" ni neno la ripoti. Limo tayari katika nyaraka za Serikali na katika tafiti ambazo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizifanya Rufiji miaka ya 1970, na wanao wakilitaka watalipata huko. "Tuliswagwa" hawatalipata popote isipokuwa kwako. Msikilize dada yako, ana sikio zuri.

Sasa tuje kwenye zile dakika kumi na moja. Hupaswi kumlaumu bibi wala simu. Umemwomba mtu mzima akueleze "maisha ya utotoni", na hayo ni maneno ya fomu. Nani kati yetu, akiulizwa hivyo ghafla, atajibu zaidi ya kusema kwamba alilima, alikula na alimshukuru Mungu? Kumbukumbu za mtu wa umri wake hazikupangwa kwa mada. Zimekaa mahali mahali, nyingine mlangoni, nyingine jikoni, nyingine kwenye njia ya kwenda mtoni. Kwa hiyo usimuulize habari za maisha. Muulize habari za nyumba, na maisha yatatoka humo yenyewe.

Weka kando ile orodha ya maswali ishirini. Siku utakayokwenda, kaeni uani, mpe kijiti, umwombe akuchoree mchangani nyumba ya baba yake ilivyokuwa. Akikataa kwa kusema kwamba hajui kuchora, na huenda akakataa, chora wewe, tena uchore vibaya: weka mlango upande wowote, kisha uulize, "Bibi, mlango ulikuwa hapa?" Sijawahi kuona mtu mzima akivumilia kuona nyumba ya wazazi wake imekosewa. Atakunyang'anya kijiti. Ukishapata mlango, ingia naye ndani taratibu: mlango ulitazama mtoni au ulitazama shamba, ukiingia, mkono wa kulia kulikuwa na nini, nani alilala wapi, na mgeni akija nani alihamia kwa nani, moto uliwashwa ndani au nje wakati wa masika, mbegu ziliwekwa wapi ili zisiliwe na panya, na zisifikiwe na maji. Kisha toka nje: miembe ilipandwa na nani, migono ya kutegea samaki ilitundikwa wapi, maji mlichota upande gani, na mlijuaje kwamba hapo hapana mamba.

Hilo la mamba usiliache. Jambo kama hilo mtoto wa mtoni alilijua kabla hajajua kuhesabu, na hakuna aliyeliandika kwa kuwa kila mtu alilijua. Kuna jingine la aina hiyo ambalo mimi ningelitanguliza kuliko mengine yote, nalo ni habari ya maji yenyewe. Watu wa bonde la Rufiji waliishi na mafuriko ya kila mwaka kama watu wengine wanavyoishi na mvua. Maji yalipanda wakati wa masika, yakashuka na kuacha tope lenye rutuba, na juu ya tope hilo wakapanda mahindi ya mlau bila kungoja mvua nyingine. Dungu ambalo bibi yako alishinda akiamia ndege lilikuwa sehemu ya maisha hayo. Muulize walijuaje mwaka gani maji yatakuwa ya neema na mwaka gani yatakuwa ya balaa. Walitazama nini, rangi ya maji, wadudu, upepo, au walimsikiliza mzee gani. Muulize 1968 ilitofautianaje na miaka mingine, na maji yalifika wapi kwenye nguzo za dungu. Mto wenyewe hauko tena kama alivyouacha. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na mafuriko ya Aprili 2024 yaliyoingia katika mashamba na nyumba za watu wa Rufiji na Kibiti yaliwakuta wengi ambao hawakuwahi kufundishwa kuusoma mto, kwa kuwa wazazi wao walikulia vijijini juu. Anayoyajua bibi yako kuhusu maji hata jirani zake wanayahitaji.

Kuhusu ukimya wa bibi mbele ya simu, umejijibu mwenyewe bila kutambua. Uliandika kwamba alianza kusimulia akiwa anapepeta mchele. Basi mpelekee mchele. Nasema kwa dhati: nenda na mchele ambao haujapetwa, uketi naye, na wewe ushike ungo hata kama hujui, maana akikucheka ndiyo mwanzo mzuri. Mikono ikiwa na kazi, macho yana pa kutazama, na mtu hana haja ya kutazamana na mtu anayemhoji. Ila mweleze mapema kwamba unarekodi. Usimtege. Simu usiiweke mezani, kwa sababu meza hupokea kila kishindo na kukipeleka kwenye sauti. Iweke juu ya khanga iliyokunjwa, upande wake, karibu kiasi cha mkono mmoja, na mbali kidogo na ungo usije ukarekodi mchele peke yake. Zima mtandao ili isiite katikati. Jaribu kwanza kwa nusu dakika, usikilize, ndipo uanze. Sema mwanzoni tarehe, mahali na majina ya waliopo, kisha unyamaze.

Kunyamaza ndiko kutakakokushinda, nakuonya. Wahasibu na waandishi tuna ugonjwa mmoja wa kutaka kila safu ijazwe. Bibi akisita, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kuuliza lolote. Mara nyingi ukifika sita au saba ataendelea mwenyewe, na atakalolisema hapo ndilo alilokuwa analipima kama akuambie au asikuambie. Dakika arobaini zinatosha kwa siku. Nenda asubuhi, akishakunywa chai na dawa zake.

Hapa nimefika kwa mjomba wako. Sitakuambia kwamba amekosea, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na bibi usiku wewe ukiwa umesharudi Dar es Salaam, na ikiwa presha imepanda ni yeye anayetafuta usafiri. Lakini masimulizi haya ni mali ya bibi, na ruhusa ni ya bibi. Mwendee mjomba kwa heshima, peke yake, kabla hujamwendea bibi, umweleze unachokitaka na usichokitaka. Mwahidi mambo mawili ambayo utayatimiza kweli. La kwanza ni kwamba hutaianza siku ya kuhama; utauliza nyumba, na bibi akiifikia siku hiyo mwenyewe utamsikiliza, akitaka kuishia hapo utazima simu. Machozi ya mtu anayekumbuka kwao hayamaanishi kwamba ameumizwa na mwenye kuuliza; pengine tangu 1969 hakuna aliyemuuliza. Hata hivyo ni yeye wa kuamua kama anataka kulia mbele ya simu.

La pili ni mashamba. Hofu ya mjomba si ya kijinga, kwani watu wamegombana kwa maneno madogo kuliko hayo. Mwahidi kwamba hutauliza nani analima wapi leo, na kwamba bibi akimtaja mtu aliye hai kwa ubaya, sehemu hiyo itabaki kwenu. Mipaka ya nyumba ya mwaka 1965 ni habari ya ukoo. Mipaka ya shamba la mwaka huu ni habari ya ofisi ya kijiji, na mwenye dai alipeleke huko, lisiingizwe katika kumbukumbu za bibi kwa mlango wa nyuma. Kisha, mbele ya mjomba, muulize bibi mwenyewe: nani aruhusiwe kusikiliza, majina yatajwe au yafichwe, na yeye akishatangulia mbele ya haki rekodi zikae kwa nani. Majibu yake yarekodi pia.

Umeuliza uandike la nani kati ya bibi na Babu Mdogo. Andika la kila mmoja, chini ya jina lake, wala usiwapatanishe. Hesabu miaka kwanza. Ikiwa bibi alikuwa amevunja ungo karibu na mafuriko ya 1968, basi huenda alizaliwa katikati ya miaka ya 1950, na lile neno lake moja limemshinda karani wa kadi ya kupigia kura. Babu Mdogo alikuwa mtoto zaidi. Mtoto wa kiume mdogo angeweza kabisa kuvuka mtumbwini na baba yake na vyombo, wakati dada yake amepakiwa lorini na mama yake na wanawake wengine, na kila mmoja akabaki na safari yake akiamini ndiyo safari ya wote. Angalia pia kwamba mmoja amesema "walichukuliwa" na mwingine amesema "walivuka". Usiwaulize nani mkweli. Muulize kila mmoja alikaa wapi, alishika nini mikononi, aliketi na nani ubavuni. Mtoto aliyeukumbuka upondo ulioponyoka hakuutunga. Swali ni kama ulimponyoka baba siku ile au siku nyingine, na hilo huenda halitajulikana, nawe uliache hivyo. Ukiweza kuwakutanisha wote wawili mbele ya ule mchoro wa mchangani, warekodi wakibishana. Huo ubishi utakufaa kuliko mahojiano kumi ya sebuleni.

Neno kuhusu hifadhi, nalo nalisema kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilirekodi kwa redio ya kaseti sauti ya marehemu baba yangu akieleza jinsi kisima cha kwao kilivyochimbwa. Miezi michache baadaye mtu wa nyumbani, ambaye simtaji kwa sababu bado tunakula naye Idi, alirekodi juu yake nyimbo za harusi. Leo nina vifijo vya kutosha na sina kisima. Wewe hamisha kila rekodi siku hiyo hiyo kwenye kompyuta na kwenye flashi, umpe dada yako nakala yake akae nayo mbali na yako. Usitegemee ile uliyoituma kwenye kundi la familia la WhatsApp, maana simu hupotea na watu hufuta ili wapate nafasi. Ipe kila rekodi jina lenye tarehe na mada, kwa mfano "Bibi, mlango na jiko", badala ya tarakimu zinazowekwa na simu. Kuiandika neno kwa neno ni kazi nzito. Kwangu mimi saa moja ya maneno hula siku nzima ya kuandika. Usipopata muda, andika angalau ukurasa mmoja wa yaliyomo na dakika yalipo, na sauti uiache izungumze.

Na yale maneno ya Kirufiji ambayo bibi huyachanganya, kama yapo, yaandike yalivyotamkwa, kisha umuulize maana yake na uiandike kwa maneno yake yeye. Usikimbilie kamusi.

Ikiwa afya yake inaruhusu na mjomba ameridhika, msimu wa kiangazi, njia zikiwa zimekauka, mpelekeni bondeni kwenye ile miembe, pamoja na Babu Mdogo. Nendeni na mtu anayekijua kipande hicho cha mto, maana viboko na mamba bado wapo. Msimharakishe, na wewe tembea nyuma yake na simu, usitangulie. Asipotaka kwenda, usimshawishi. Wapo ambao wanataka pale pabaki kama palivyokuwa walipopaacha.

Kuhusu ule ubao wa mlango jikoni, usiuondoe mahali ulipo, wala usiusafishe. Subiri siku ambayo masufuria yameshuka, uupige picha pande zote mbili, ukague tundu za komeo na alama za maji kama zipo, halafu umuulize bibi upande upi ndio uliokuwa wa nje.